Sisi wa Upande wa Kulinganisha

Mume wangu alikuwa bwana shamba, na maharage mabaya kuliko yote kijijini yalikuwa ya kwetu. Haikuwa bahati mbaya. Ilipangwa, na waliopanga walikuja nyumbani wakanywa chai yangu.

Kijiji chetu kiko juu ya Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, na kimekatwa katikati na korongo. Kiangazi korongo hilo ni njia ya mbuzi. Masika linanguruma na kubeba magogo. Upande wa pili tunauita Ng'ambo. Kanisa liko Ng'ambo, shule iko kwetu, kwa hiyo watoto wao walikuja kwetu kusoma na sisi tulienda kwao kusali. Mimi nilikuja hapo kwa kuolewa, kutoka Kilimanjaro, na nilipofika niliambiwa kwamba hakuna tofauti yoyote kati ya pande hizo mbili. Kumbe hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Lilitufanya tufae.

Wataalamu wa utafiti wa kimataifa walikuwa na mbegu mpya ya maharage. Walikuwa wameihangaikia miaka mingi, katika vituo vya nchi mbalimbali, na sasa wafadhili walitaka kujua kama kuna mtu yeyote duniani aliyefaidika. Ni swali la haki kabisa. Hata mimi ningetoa pesa zangu ningeuliza. Lakini ili ujue kama mtu amefaidika, waliona lazima awepo mwingine ambaye hakufaidika, akae karibu naye, wapate mvua moja na udongo mmoja, halafu wapimwe wote wawili. Ng'ambo walipewa mbegu. Sisi tulipewa kazi ya kulinganishwa.

Mume wangu aliitisha mkutano shuleni kutueleza. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akisimama mbele za watu sauti yake ilifika mpaka barabara ya Nairobi.

"Ndugu zangu, nawaomba mvumilie," alisema.

Mzee mmoja akauliza tuvumilie nini.

"Kutokupata."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tupimwe. Tukishapimwa, na nyinyi mtapewa."

Yule mzee akasema kutokupata tumekuzoea tangu zamani, ila hatujawahi kuombwa rasmi, na kwa heshima hiyo anakubali. Watu wakapiga makofi. Shamba letu likawa la kwanza kuandikwa upande wa kulinganisha, kwa sababu mume wangu alisema bwana shamba akijipendelea, mradi mzima utanuka.

Mnapaswa kuelewa kwa nini alishika jambo hili kwa mikono miwili. Ulikuwa wakati wa soko huria. Maduka ya Arusha mjini yalikuwa yamejaa sabuni za rangi ambazo hatukujua hata zinanukia nini, mitumba ilishushwa kwa marobota, na kila kitu kilikuwa ruksa. Mimi mwenyewe niliuza mitumba gulioni Ngaramtoni na sikuwa na malalamiko. Lakini Serikali nayo ilikuwa imeambiwa ipunguze mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa watu kama mume wangu. Mabwana shamba wenzake walikuwa wakipewa barua mmoja baada ya mwingine. Mmoja alifungua kibanda cha dawa za mifugo huko Sakina, mwingine alirudi kwao akawa anakunywa. Mratibu wa mradi alikuwa amemwambia mume wangu wazi: faida ya mbegu ikionekana, kutakuwa na awamu ya pili, na wewe tutakuchukua moja kwa moja, barua ya Serikali ije isije. Kwa hiyo ajira yake yote ilikuwa imesimama juu ya tofauti kati ya maharage ya Ng'ambo na maharage yangu. Kadiri yangu yalivyokuwa mabaya, ndivyo ada za watoto zilivyokuwa salama.

Na yalikuwa mabaya kweli. Majani yaliota kutu kabla ya maua. Punje zilikuwa ndogo, za rangi mchanganyiko, na zilihitaji kuni za siku nzima ndipo zikubali kuiva. Ng'ambo walivuna maharage makubwa yenye madoa mekundu, yaliyoiva upesi na kutoa mchuzi mzito. Wanawake wa Ng'ambo walianza kunisalimia kwa upole, jinsi mtu anavyosalimiwa akitoka hospitali.

Aliyenitania bila upole alikuwa jirani yangu, mjane mzee ambaye wote tulimwita koko, yaani bibi kwa Kiarusha. Ndiye aliyenifundisha lugha hiyo, na alinifundisha kwa kunigombeza, ndiyo maana mpaka leo Kiarusha changu ni kizuri zaidi nikiwa nimekasirika. Hakuwahi kuniita kitu kingine zaidi ya Mchaga wangu.

"Mchaga wangu," aliniambia siku moja akichungulia sufuria yangu, "haya maharage yako, yamekukosea nini mpaka unayaadhibu hivi?"

Nilicheka siku hiyo. Siku ya picha sikucheka.

Walikuja wageni na magari mawili. Walipelekwa Ng'ambo kwanza, kwenye shamba lenye kibao, wakapiga picha wanawake wameshika maharage na kuonyesha meno. Halafu wakaletwa kwetu. Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha Jumapili kwa sababu niliambiwa kuna wageni. Mpiga picha akaomba nivae nguo ya shamba. Nikabadilisha. Akaniomba nisimame katikati ya maharage yangu, niyashike. Nikayashika, nikatabasamu, kama mtu yeyote anayepigwa picha. Yule kijana, kwa adabu kabisa, akamwambia mume wangu, na mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini, kwamba tafadhali nisicheke.

Picha hiyo ilibandikwa ofisini kwao mjini. Niliiona nilipompelekea mume wangu koti alilosahau. Upande wa kushoto wa ubao walikuwepo wanawake wa Ng'ambo, wanacheka. Upande wa kulia nilikuwepo mimi. Juu yao waliandika kwamba wana mbegu, juu yangu wakaandika kwamba sina. Watumishi wa ofisi walinitambua, wakanikaribisha kiti.

Jioni ile nilimwambia mume wangu maneno ambayo sitayarudia yote. Nilimwambia kwamba nilizaliwa kwenye kihamba chenye migomba na kahawa, baba yangu hakuwahi kuomba chumvi kwa jirani, na leo nimebandikwa ukutani kama tangazo la ukame. Nilimwambia aniletee hizo mbegu hata mfukoni mwa koti. Alisema hawezi. Nilimwambia basi wakampige picha mama yake. Alivua viatu, akaenda kuviweka mahali pake. Nililia, na nilikasirika zaidi kwa sababu aliniona nikilia.

Basi ikafika Sikukuu ya Mavuno.

Kwa sisi Walutheri wa huku, siku hiyo kila mtu hupeleka kanisani sehemu ya alichovuna. Mazao huwekwa mbele ya madhabahu, huombewa, na baada ya ibada hutolewa nje na kuuzwa kwa mnada. Bei ya mnada wa kanisa haina uhusiano wowote na bei ya gulioni. Yai linaweza kuuzwa kwa bei ya kuku, na kuku huyohuyo anaweza kuuzwa mara tatu, kwa sababu anayemnunua husema, "Namrudisha kwa Bwana," na mnada unaanza upya, kuku mwenyewe akiwa amechoka kabisa. Kuna pia desturi ya kumnunulia mtu. Unashinda bei, unanyanyua kitu chako juu, unatamka mbele ya wote, "Hii nimemnunulia mama mchungaji," na mama mchungaji anakuja kupokea. Hakuna anayekataa. Sijui hata adhabu ya kukataa ni ipi, maana sijawahi kuona mtu akijaribu.

Wataalamu wa mradi walikuwa wameandika kila kitu kuhusu kijiji chetu: mvua, mteremko, udongo, mbolea, idadi ya majembe. Kanisa hawakuliandika. Korongo waliliona, wakaona linatosha.

Na dalali wa mnada wa kanisa, mwaka hata mwaka, kwa sababu ya sauti yake, alikuwa mume wangu.

Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na wanawake wa upande wetu. Wazee wa kanisa walitoa nje maboga, ndizi, mayai, beberu mmoja mwenye hasira, halafu wakatoa zile sado. Sado kwetu ni ndoo ndogo iliyokuwa ya rangi ya kuta, ndiyo tunayopimia nafaka. Zilikuwa zimejaa maharage ya madoa mekundu mpaka yamefanya kilima. Wanawake wa Ng'ambo walikuwa wamemtolea Mungu kilicho bora, kama walivyofundishwa. Mzee wa kanisa akachukua sado ya kwanza, akampa mume wangu mkononi.

Mume wangu akaishika. Akaitazama. Mimi nikajua anawaza nini, kwa sababu ukivusha sado moja korongoni, umevusha mradi mzima. Nikafikiri ataiweka chini aseme ina kasoro. Kisha mdomo wake ukafunguka.

"Maharage haya hapa!" alinguruma. "Yanaiva kabla hujamaliza kukata kitunguu! Mama, ukiyapika haya mumeo atarudi mapema! Nani ananianzia?"

Wa upande wetu walianza wote pamoja. Walikuwa wamevumilia vya kutosha. Lakini aliyeshika bei na kukataa kuiachia alikuwa koko, ambaye katika minada yote sikuwahi kumwona akinunua zaidi ya fungu la mchicha. Kila mtu akitaja, yeye anainua fimbo yake juu zaidi. Mwishowe wakamwachia kwa heshima ya umri. Mume wangu akahesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Koko akasimama, akanyanyua sado kwa msaada wa mjukuu wake, akasema kwa Kiarusha kwamba amemnunulia Mchaga, mke wa bwana shamba.

Watu walicheka na kupiga vigelegele. Mtu nyuma yangu alisema Mungu ameona. Nilikwenda mbele nikapokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kwa koko, na machozi yalinitoka kwa sababu nilidhani ni huruma yake tu, kwamba habari za picha zimemfikia. Mume wangu hakunitazama. Alikuwa tayari ameshika boga na anauliza nani atamwanzia.

Sado nyingine zote ziliuzwa siku ile, na nyingi zilirudi na sisi kuvuka korongo.

Yangu niliiweka chini ya kitanda. Tulilala juu yake mpaka masika, na mume wangu hakuwahi kuuliza ni nini anachokikanyaga akishuka asubuhi. Mvua ziliponyesha niliibeba mpaka shambani, nikachimba mashimo katikati ya mahindi. Alikuja akasimama kwenye mpaka wa shamba na pikipiki ya mradi, kofia mkononi.

"Unapanda nini?"

"Sadaka."

Alitazama mashimo yangu kwa muda.

"Nafasi uliyoacha ni ndogo," alisema. "Yatabanana."

Akavaa kofia akaondoka. Nikapanua nafasi.

Msimu ule upande wetu wote ulipanda sadaka. Ndivyo tulivyoyaita, na jina likashika. Tulipovuna, mtu akisimama juu ya korongo asingeweza kujua upande upi umebarikiwa na upi unalinganishwa. Jioni ya kwanza niliyoyapika, mume wangu alikula, akasogeza sahani nimwongezee, akala tena. Hakusema yametoka wapi. Nilimwona ana furaha, na nilimwona ana wasiwasi, na vyote viwili alivitafuna pamoja.

Kisha wakaja kutupima.

Aliyeongoza upimaji alikuwa mama mmoja mchumi kutoka nchi ya mbali, mwenye Kiswahili safi kuliko changu. Hakuwa mtu mbaya, na ninalisema hilo kwa sababu ingekuwa rahisi kumfanya mbaya. Alimwamkia koko shikamoo kwa kuinama, alikula alichopewa, na hakumkatiza mtu. Vijana aliokuja nao walipita nyumba kwa nyumba na madodoso yao, Ng'ambo na kwetu. Mmoja aliniuliza kama maisha yangu yamebadilika. Nikamuuliza, kulinganisha na nani? Akasema swali hilo halimo.

Walipomaliza, mama mchumi alikuja kwetu kunywa chai. Nilimwandalia na maharage, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo. Alikula kijiko kimoja, akayatazama, akaweka kijiko chini taratibu.

"Bwana shamba," alisema, "hakuna tofauti. Ng'ambo wamepanda, na huku wamepanda."

"Ndiyo, mama," alisema mume wangu.

"Yalivukaje?"

"Niliyauza mimi, sado kwa sado. Kwenye mnada wa kanisa."

"Wewe mwenyewe? Kwa nini hukuziweka pembeni zile ndoo?"

Mume wangu alifikiri sana, akajibu kwa ukweli wote aliokuwa nao.

"Zilikuwa zimeshaombewa."

Mama mchumi aliandika hilo. Kisha akatueleza jambo lilivyo, bila kuficha, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Kama mbegu imevuka yenyewe, kwa jinsi watu wanavyoishi na kusali, ataandika hivyo, na itakuwa habari njema, maana mbegu mbaya haivuki. Hapo hatakuwa na sababu ya kumzuia mume wangu asichukuliwe kwa awamu ya pili. Lakini kama mtumishi wa mradi ameivusha kwa makusudi yake, basi kipimo chote kimeharibiwa kutoka ndani, na yeye hawezi kumpendekeza mtu huyo.

"Mnada nitaueleza, ni mambo ya kanisa," alisema. "Ila ofisini wataniuliza juu ya nyumba hii. Shamba la bwana shamba lenyewe. Sado yenu alinunua nani?"

"Jirani," alisema mume wangu.

"Ningependa kuongea naye."

Mume wangu akaweka kikombe mezani. Nilidhani chai ni ya moto.

Koko hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na bei. Vijana wa madodoso walikuwa wametoka Morogoro, hawakujua Kiarusha. Mume wangu hakufaa kutafsiri, alikuwa ndiye anayechunguzwa. Mama mchumi akatazama huku na huku, akaniomba mimi, kwa sababu mimi, alisema, si mtumishi wa mradi.

Tulimkuta koko nje kwake, anachambua mboga kwenye ungo. Nilimsalimia kwa Kiarusha, akaitikia, akaninyooshea kigoda. Mama mchumi akatoa dodoso na kalamu, akaniambia nimuulize: kwa nini alimnunulia jirani yake yale maharage?

Nikauliza. Koko aliacha mboga akanitazama kana kwamba nimemuuliza jina langu.

"Mimi?" alisema. "Mchaga wangu, pesa ya mnada mimi nitaitoa wapi? Si mumeo alinipa. Asubuhi ile, mlangoni mwa kanisa, kabla ya kengele ya pili. Akaniambia, koko, sado ya kwanza, usikubali mtu akupite. Nikamuuliza, kwa nini usinunue mwenyewe una mikono? Akasema, mimi ndiye dalali, na tena mimi ndiye bwana shamba. Nikamuuliza, na maharage tu, haraka ya nini? Akasema, koko, wamempiga picha mke wangu wakamwambia asicheke. Na mimi ndiye niliyemwambia."

Akarudi kwenye mboga zake.

Nilibaki nimekaa. Nilisikia mbuzi, nilisikia mtu anapasua kuni kwa jirani. Miezi yote hiyo nilikuwa nimelala juu ya ile sado na kumshukuru mtu mwingine.

"Anasemaje?" aliuliza mama mchumi.

"Anasema ni upendo."

Aliniangalia. "Maneno yote yale?"

"Kiarusha ni kirefu," nikasema.

Alitafuta kwenye dodoso mahali pa kuandika hilo. Alipitia ukurasa wa kwanza na wa pili. Mwishowe aliliandika chini kabisa, kwenye nafasi iliyoachwa kwa mengineyo. Koko akaniuliza nimemwambia nini huyu mgeni. Nikamweleza. Akasema, "Kwani si ndivyo nilivyosema?" akampa mama mchumi fungu la mboga aende nalo mjini.

Niseme sasa hivi yaliyofuata, kwa sababu sitaki yawe ya mwisho. Kijiji chetu kiliondolewa kwenye ripoti, pande zote mbili, kwa kuwa hakikuwa na kitu cha kulinganishwa na kitu. Iliandikwa kwamba faida ya ile mbegu haikuweza kuthibitishwa. Awamu ya pili ilipelekwa wilaya nyingine, ambako kila upande una kanisa lake. Barua ya Serikali nayo ilikuja. Tulifungua duka dogo la pembejeo Ngaramtoni, mlango wa pili kutoka kwenye mitumba yangu, na mume wangu alikuwa mwuzaji mbaya, maana akiuliza shamba lako liko wapi na udongo wake ni wa namna gani, mara nyingi alikwambia usinunue. Maharage yale yanauzwa gulioni mpaka leo kwa jina la sadaka. Kila baada ya miaka kadhaa huja vijana na madodoso wakitaja jina la kitaalamu la mbegu ile, na wanawake huwajibu kwa ukweli kwamba hawajawahi kuisikia.

Lakini jioni ile hayo yote yalikuwa bado. Nilirudi kutoka kwa koko nikiwa nimeshaamua kwamba kazi ya mume wangu imepona na kwamba sitasema kitu. Yeye alikuwa amemsindikiza mama mchumi mpaka kwenye gari, barabarani. Nilipika. Nilisikia anarudi, na nilishangaa kwa sababu nilisikia miguu, sikusikia pikipiki.

Alinawa mikono, akakaa. Nilimpakulia.

"Nimemwambia," alisema.

"Umemwambia nani?"

"Mama mchumi. Kwamba pesa ya ile sado ilikuwa yangu. Alikuwa ameshawasha gari, anasema nyumba hii ni safi. Ningemwacha aende na maneno ya koko, angeandika uongo kwa jina la bibi wa watu."

"Na pikipiki?"

"Funguo amechukua. Ni haki yao."

Nilimpenda saa ile kuliko siku aliyonioa, na nilikuwa na hasira naye kuliko siku ya picha, kwa sababu ile kazi tuliihitaji, na nilikuwa nimeshaiokoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Sikujua nianze na lipi. Nikakaa.

Alikula kidogo. Kisha akanitazama, maana ilimjia kwamba sijauliza pesa ipi, wala sado ipi.

"Ulijua?"

"Mimi ndiye niliyetafsiri."

Alishusha kijiko. "Koko alimwambia yote?"

"Aliniambia mimi yote."

"Na wewe ukamwambia nini yule mama?"

"Kwamba ni upendo."

Hakuwa mtu wa kusema maneno ya namna hiyo, na sikuwahi kumsikia akiyasema, si kabla wala baada. Aliigeuza sahani kidogo, akaitazama.

"Hapo hukukosea," alisema, akaisogeza nimwongezee.